Maziwa ya Masika, Wageni wa Kiangazi

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi zito, saa ya ukutani na ombi moja. Blanketi nalitumia, maana baridi ya Karatu mnaijua. Saa nimeitundika sebuleni, ingawa mpaka leo najiuliza kwa nini mtu anayeacha kazi ndiye anayepewa saa. Ombi ndilo lililonikalisha mezani. Mlitaka niwaandikie namna ya kuandaa mpango mkakati wa masoko, "hata kurasa mbili tu, mama, tuweke kwenye faili."

Kurasa za namna hiyo zimo kwenye faili tayari. Zina mishale, visanduku na maneno makubwa, na najua hakuna aliyezisoma hadi mwisho, kwa sababu ukurasa wa mwisho umebanwa kichwa chini na hajatokea mtu wa kuuliza. Kwa hiyo acheni niandike kwa njia yangu. Nitawaeleza jinsi kiwanda chetu kidogo cha maziwa kilivyojifunza kuangalia mbele, na jinsi mwanamke mmoja wa Endamarariek alivyotulazimisha. Vyeo na mishahara nitaviruka, havikuwa vya kuandikiwa habari.

Nilianza kazi kiangazi, vumbi jekundu likiwa limefunika kila kitu hadi majani ya migomba. Kiwanda kilikuwa mali ya vikundi vya akina mama wafugaji wa Endabash, Endamarariek na vijiji vya jirani. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Endabash, nimekua nikimshikia mama ndama wakati wa kukamua, kwa hiyo nilidhani maziwa nayajua. Meneja wetu, Bwana Ndosi, mtu mcheshi aliyependa mabango kuliko chakula, alinikabidhi boksi la barafu lililojaa vikombe vya mtindi, akanionyesha mlango.

"Nenda kauze," akasema. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote ya masoko.

Duka la kwanza kuingia lilikuwa la Mzee Suleiman, karibu na stendi. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa anauza kila kitu kuanzia misumari hadi kanzu, na siku ile nilimkuta amepanda ngazi, anapanga mabuti ya mvua hadi darini. Nje jua lilikuwa linapasua mawe.

"Shikamoo, mzee. Mvua umeiona wapi?"

"Marahaba, binti. Mvua iko njiani, haijafika tu." Akashuka polepole, akajifuta vumbi. "Mtu akishaanza kuteleza kwenye tope ndipo niende Arusha kutafuta mabuti? Nitarudi nayo jua limetoka. Haya, wewe una nini humo?"

Nikafungua boksi. Akachukua kikombe kimoja, akakigeuza, akaniuliza swali ambalo nilikuja kulijibu miaka mingi baadaye. "Mtindi huu leo unatakiwa na nani? Na mwezi wa nne utatakiwa na nani?"

Alinunua vikombe kadhaa kwa kunihurumia, akaniambia nipite siku nyingine tunywe chai. Nilipita, na niliendelea kupita mpaka alipofariki. Kila nikisikia mtu kwenye semina anasema "mkakati", mimi namwona Mzee Suleiman juu ya ngazi na mabuti yake mwezi wa jua.

Sasa niwaambie kuhusu mnada, kwa sababu najua mnaisikia hadithi hii kwa vipande na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Nikiwa na miaka kadhaa kazini, Bwana Ndosi alikuja asubuhi moja na bango jipya. Lilikuwa na picha ya ng'ombe anayecheka na maneno makubwa: NUNUA NYAMA CHOMA, PATA MTINDI BURE. Fikra yake haikuwa ya kijinga. Mnadani Karatu watu hufurika, nyama inachomwa tangu asubuhi, moshi mpaka barabarani, na baada ya nyama mtu ana kiu. Wafugaji wa Kimasai kutoka Ngorongoro na Loliondo wanashuka na mifugo, na hakuna watu duniani wanaopenda maziwa kama wao. Ukiunganisha nyama, kiu na watu wa maziwa, kwenye karatasi umemaliza kazi.

Tulisimamisha meza kando ya wachomaji. Kijana mmoja wa Kimasai alinunua nyama yake, tukampa kikombe chake. Alikipokea kwa adabu. Akautazama mtindi, akaitazama nyama, akakiweka kikombe mezani taratibu, akaenda zake. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Ilipofika adhuhuri meza yetu ilikuwa imejaa vikombe vilivyopokelewa kwa adabu na kurudishwa kwa adabu, na mtindi ulikuwa unachemka kwa jua. Wairaqw wenzangu na watu wa mjini walikunywa, lakini wao hata bila nyama tungewauzia.

Pembeni alikaa mama mmoja anayeuza vibuyu na shanga, Yeyo Nasieku, anayejulikana na mnada mzima. Alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa shuka. Nikamwendea, nikamsalimu kwa Kimasai kama mama yangu.

"Takwenya, yeyo."

"Iko. Mwanangu, nyie nani kawaroga?"

"Mtindi una nini, yeyo? Umeharibika?"

"Haujaharibika, mzuri kabisa. Lakini nyama siku yake, maziwa siku yake. Maziwa yametoka kwa ng'ombe mzima, nyama ya ng'ombe aliyekufa. Ukichanganya tumboni unamkosea ng'ombe." Akanionyesha bango letu kwa kidole. "Na huyo wenu anacheka nini? Anacheka wakati mwenzake anachomwa?"

Bwana Ndosi alilikunja bango mwenyewe. Alikuwa na sifa hiyo nzuri, alikuwa anajicheka. Mimi nilirudi nyumbani na yale maneno, nyama siku yake, maziwa siku yake. Si kwa sababu ya mila tu. Niliona kwamba hatukuwa tumekosea bidhaa wala wateja, tulikosea siku. Nikaanza kuuliza kila kitu kiwandani: hiki siku yake ni ipi? Nikawa msumbufu. Dereva wa gari letu la maziwa alianza kunikwepa.

Jibu lilikuja lenyewe masika yaliyofuata, na lilikuja kwa miguu.

Mnajua masika yanavyokuwa. Majani yanaota hadi kwenye paa, ng'ombe wanashiba, maziwa yanafurika. Wakati huohuo wageni wanapungua, kambi nyingine zinafungwa kabisa, madereva wa utalii wanacheza bao. Loji za watalii ndizo zilizokuwa mteja wetu mkubwa wa mtindi. Kwa hiyo kila masika, matangi yakijaa, mlinzi wetu Bura alipewa amri ile ile: waambie akina mama leo kiwanda hakipokei. Kila kiangazi, wageni wamejaa na loji zinapiga simu, tulikuwa tunazunguka vijijini kuomba maziwa ambayo hayapo. Ilikuwa hivyo mwaka hadi mwaka, na kila mwaka tulishangaa upya, kama watu wanaoshangaa Krismasi imefika.

Asubuhi hiyo Mama Paskalina alifika getini kutoka Endamarariek. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha huko, mwanamke mrefu, mkavu, asiyeongea mengi. Keni yake ya maziwa ilikuwa imefungwa kwenye baiskeli aliyoisukuma kwenye tope, maana siku kama ile haipandiki. Bura akamwambia maneno aliyoagizwa, huku anaangalia chini.

Wengine wakiambiwa hivyo walikuwa wanarudi kimya, wengine wanatukana kidogo. Mama Paskalina hakufanya hata kimoja. Aliishusha keni, akaifungua, akatoa kikombe kwenye kanga, akaketi kwenye jiwe mbele ya geti. Kila aliyepita akamwita.

"Njoo unywe, baba. Kiwanda kimeshiba. Mwalimu, karibu maziwa. Nyie watoto, njooni, kiwanda kimeshiba."

Mafundi baiskeli walikunywa, wanafunzi walikunywa, akapita hata padri na yeye akanywa. Alimwita Bura pia. Bura alikataa, akajifanya anafunga kufuli. Mimi na Bwana Ndosi tulikuwa dirishani ofisini, na naweza kuwaambia bila kuzunguka kwamba niliona aibu kubwa kuliko zote za maisha yangu ya kazi. Mwisho nikatoka nje.

"Mama Paskalina, tusamehe. Matangi yamejaa."

"Najua yamejaa. Mwaka jana yalijaa, mwaka juzi yalijaa." Akafunika keni tupu. "Sikia, binti wa Endabash. Wenzangu wanataka kuuza ng'ombe walime vitunguu. Nimewaambia wangoje kidogo, nije niongee na nyinyi. Masika yajayo mkiturudisha tena, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kupeleka ng'ombe mnadani. Kiangazi mtakuja kukamua nini? Punda?"

Akaondoka na baiskeli yake. Nilijua hatanii. Vikundi vya vijiji vingine vilikuwa vinamwangalia yeye. Akiuza, wanauza wote, na kiwanda kinabaki jengo.

Jioni ile nilichukua chaki, nikachora kwenye mlango wa chumba cha baridi. Mstari mmoja ulikuwa wa maziwa, unapanda masika na kushuka kiangazi. Mstari wa pili ulikuwa wa wageni, unashuka masika na kupanda kuanzia Julai. Mistari ile ilipishana kama watu waliogombana. Fundi wetu Elibariki, aliyesimamia uchemshaji wote, alikuja kunawa mikono akasimama akaitazama.

"Ukiweza kuyafanya maziwa ya mwezi wa tano yangoje mpaka wa nane, umemaliza," akasema.

"Maziwa yanangojaje?"

"Yakiwa jibini. Jibini ngumu inangoja. Tena ikingoja inakuwa tamu zaidi."

Elibariki aliwahi kufundishwa kutengeneza jibini mahali fulani kabla ya kuja kwetu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Lakini kabla ya kukimbilia kwa Bwana Ndosi nilitaka kujua kitu kimoja, maana nilishachoka na mabango. Wageni wanakula nini hasa? Siyo wananunuliwa nini. Wanakula nini.

Basi kiangazi kile nilifanya utafiti ambao hautapata cheti popote. Jioni, magari ya utalii yanaporudi kutoka bondeni Ngorongoro, yanapitia kwa waosha magari. Kila mgeni asubuhi huwa amepewa lanchi boksi, lile boksi la chakula cha mchana, na mabaki hurudi ndani ya gari. Nikaomba ruhusa ya kuyafungua. Vijana waosha magari walidhani nina njaa, mmoja akaninunulia chapati. Nilirudi pale jioni nyingi, na jambo lilikuwa lile lile. Mayai ya kuchemsha yanarudi. Ndizi zinarudi nyeusi. Na vikombe vya mtindi wetu, ule tuliojivunia kwamba loji zinaupenda, vinarudi vimevimba kwa joto na mtikisiko wa barabara, havijafunguliwa. Wapishi walinunua, wageni hawakunywa. Jibini, ile inayotoka mbali, haikurudi hata mara moja.

Nilikuwa nimeuza mtindi ule miaka yote na sikuwahi kuufuata mpaka mwisho wa safari yake. Nikitafuta jambo la kuwaachia nyinyi vijana, pengine ni hilo: fuateni bidhaa yenu mpaka inapotupwa.

Bwana Ndosi nilimpeleka mbele ya mlango wenye chaki, nikamweleza. Alikubali jaribio, kikundi kimoja tu, cha Mama Paskalina, kwa maziwa ya ziada ya masika. Akauliza swali la haki: jibini hiyo tutaiweka wapi miezi yote hiyo? Chumba cha baridi ni kidogo na umeme wetu mnaijua tabia yake.

Hapo ndipo Mama Paskalina mwenyewe alipotoa jibu. Nyuma ya boma lake kulikuwa na nyumba ya zamani ya baba mkwe wake, zile nyumba za Wairaqw zilizochimbwa ndani ya mlima, paa limefunikwa udongo na majani mpaka ukipita juu hujui kama unakanyaga nyumba. Wazee walizijenga hivyo kujificha na maadui. Ndani ni giza, baridi, na hewa haibadiliki mvua wala jua. Elibariki aliingia na kipimajoto, akatoka anatabasamu kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Watu wa afya walikuja, wakatuagiza tupake chokaa na kuweka mlango wa wavu, tukafanya. Masika yalipoingia, maziwa ya ziada yakagandishwa hukohuko Endamarariek, yakakamuliwa maji, yakalowekwa kwenye maji ya chumvi, yakapangwa kwenye rafu za mbao. Tuliyaita magurudumu, kwa umbo lake. Kazi ya Mama Paskalina ilikuwa kuyageuza kila siku na kuyafuta kwa kitambaa cha chumvi.

Getini kwetu Bura aliendelea kuvirudisha vikundi vingine. Nilikuwa napita kwa mlango wa nyuma nisiwaone. Mama Paskalina alikuwa amewaendea wote, kijiji kwa kijiji, akawaambia: msiuze bado, maziwa yangu yako ndani ya mlima, yakitoka salama mwakani na yenu yataingia. Walimwamini. Sasa mzigo ulikuwa juu yake, siyo juu yangu wala juu ya Bwana Ndosi.

Mwezi wa sita nilikwenda kuonja, kama tulivyopanga. Tuliweka kuonja mapema makusudi, kabla ya loji kutangaza oda zao. Kabla sijafika nyumbani kwake nilisikia harufu. Moshi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mlango wa ile nyumba ya mlimani, mwembamba, mtamu, ule unaotoka kwenye kibuyu cha maziwa cha bibi yako.

"Mama Paskalina! Kunaungua nini?"

Akatoka, macho mekundu, kijinga cha moto mkononi. "Hakuna kinachoungua. Nafukiza."

"Unafukiza nini?"

"Maziwa yenu yameota ukungu. Wa kijani, mweupe, kama dari la nyumba iliyohamwa. Nimefuta kwa chumvi, umerudi. Nimefuta tena, umerudi. Wenzangu wakija kuchungulia nitawaambia nini? Nikamwuliza Yeyo Nasieku mnadani. Akasema kibuyu kikinuka unakifukiza kwa mzeituni pori, maziwa hayaharibiki. Hata mama yangu alifanya hivyo. Basi nikafukiza."

"Tangu lini?"

"Tangu ukungu."

Elibariki alipofika alikaa chini. Ukungu ule ulikuwa wa kawaida kabisa, alisema, jibini yoyote inayongoja huota ukungu juu ya ngozi yake. Alisahau kumweleza kwa sababu kwake lilikuwa jambo dogo mno. Sasa kila gurudumu lilikuwa rangi ya asali, na lilinuka kibuyu.

Bwana Ndosi hakucheka safari hiyo. "Tumezika maziwa ya kikundi kizima," akasema, "sasa tunafukua masizi." Tulipeleka kipande kwa mpishi mkuu wa loji moja barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, Shefu Rajabu, mteja wetu wa siku nyingi. Alikata, akanusa, akanitazama.

"Mama, hii imeungua?"

"Haijaungua, imefukizwa."

"Mimi niliahidiwa jibini, siyo kibuyu. Nikiiweka kwenye kifungua kinywa wageni wataniuliza nimepika jikoni au msituni."

Nilirudi nikapita dukani kwa Mzee Suleiman. Alikuwa amezeeka, hapandi tena ngazi, lakini akili ilikuwa ile ile. Nilimweleza yote. Aliuliza jambo moja tu: "Msimu umeanza?"

"Bado, mzee. Unaingia."

"Basi mabuti yako dukani na mvua haijanyesha. Unalia nini?"

Nilielewa. Mpango wetu ulikuwa umekosea jibini yenyewe, lakini ulikuwa haujakosea siku. Tulikuwa na muda wa kutafuta mtu wa kuipenda. Kama tungengoja Agosti ndipo tuonje, tungekuwa tumekwisha.

Nilirudi kwa Shefu Rajabu, nikamwomba aiweke kwenye lanchi boksi za magari machache, siku moja tu. Alikubali. "Huko bondeni sawa," akasema. "Wakikasirika watamkasirikia dereva."

Siku hiyo Mama Paskalina alipanda bodaboda kutoka Endamarariek bila kuniambia. Nilimkuta kwa waosha magari, amesimama, mikono ameifunga ndani ya kanga. Gari la kwanza likaingia, jeupe kwa vumbi la bonde. Nikafungua boksi la kwanza. Yai. Ndizi. Kikombe chetu cha mtindi, kimevimba. Jibini haimo. Boksi la pili, haimo. Nikafungua yote, na gari la pili, na la tatu. Jibini haikurudi hata kipande.

"Labda wametupa," akasema Mama Paskalina.

Dereva alikuwa anashuka, amechoka. "Kutupa? Kipande kimoja alikichukua mwewe, pale kwenye kiwanja cha kulia chakula karibu na viboko. Alikitoa mkononi mwa mgeni. Kisha akarudi kutafuta kingine."

"Mwewe ana tumbo la jiwe, usinidanganye. Watu je?"

"Watu, mama, wamenisumbua. Wanauliza moshi huu ni wa nini, nani anatengeneza. Mimi sikuambiwa chochote, nikaonja. Nikawaambia huu ni moshi wa mzeituni pori, kama kibuyu cha mama yangu Endulen. Simba alikuwa pale amelala, wakamwacha, wakabaki wananiuliza habari za kibuyu."

Mama Paskalina alivuta ndoo ya waosha magari, akaigeuza, akaikalia. Akafunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika na sikujua kama analia au anacheka. Nilikaa karibu naye kwenye matope ya sabuni, na mimi nilikuwa nalia, sina sababu ya kuficha.

Mengine mnayajua, yako kwenye faili. Shefu Rajabu aliomba jibini ile kabla wiki haijaisha, na alijaribu kunishawishi kwamba wazo lilikuwa lake. Jibini ikaisha kabla wageni hawajaisha. Tulikarabati nyumba nyingine za mlimani. Mtindi tuliuondoa kwenye lanchi boksi, tukaurudisha kwa watu wanaoupenda, wa mjini na wa mnadani, kwenye meza iliyo mbali na nyama. Mlangoni nilifuta ile mistari ya chaki, nikachora mipya, na mara hii niliwaita wote waniambie nimekosea wapi. Walisema nimekosea sehemu nyingi. Tukarekebisha pamoja, mwezi mmoja mmoja, mpaka tukajua kila kikundi kitaleta maziwa lini na yatakuwa nini.

Kisha masika yakafika.

Asubuhi ya kwanza ya mvua kubwa nilisimama dirishani palepale niliposimama siku ile ya aibu. Mama Paskalina alikuwa wa mbele, baiskeli yake kwenye tope, keni imejaa. Nyuma yake walikuwa akina mama wa Endabash na vijiji vingine, wale waliorudishwa, wale alioenda kuwaambia wangoje. Wengi walikuwa wamevaa mabuti ya Mzee Suleiman. Walisimama getini wote, kwa mazoea ya kungoja kuambiwa.

Bura alitoka kibandani. Mama Paskalina akamtazama.

"Haya, Bura. Leo kiwanda kimeshiba?"

"Kina njaa, mama," akasema Bura. "Kina njaa sana. Pita."

Hakupita. Alifungua keni, akatoa kile kikombe kwenye kanga, akachota. Elibariki karibu yangu alifumba macho, asione usafi wa kiwanda ukivunjwa. Mama Paskalina akamnyooshea mlinzi.

"Kunywa kwanza. Ile siku hukunywa."

Bura akakipokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote, mvua ikimdondokea kikombeni, akarudisha kikombe. Kisha akaenda akafungua geti, mabawa yote mawili, ambayo siku nyingine tulikuwa tunayafungua kwa ajili ya lori tu.